Bomba la Baridi

Sudbury, Novemba. Nimevaa soksi tatu
na bado natafuta baridi zaidi,
si yangu, ya gari.

Injini ilikuwa ikivuta hewa ya moto,
ile ile iliyokwisha kuipika yenyewe,
kama mtu aliyejifunika gubigubi
akirudia pumzi zake.
Hewa ya namna hiyo haishibishi.

Nikanunua bomba jeusi la maji machafu, inchi tatu,
viwiko viwili, vibano, chujio la bei poa.
Muuzaji akauliza: choo kimeziba?
Nikasema ndiyo. Ningeanzia wapi?

Koskela, jirani, akaniazima msumeno
na nasaha moja: pima mara mbili.
Nilipima mara nne, nikakata fupi.
Kipande kile sasa Zuwena anawekea miiko.

Cha pili kikakaa. Kikapita kando ya betri,
kikashuka nyuma ya taa ya kushoto,
mdomo wazi kuelekea theluji.
Kingo nikazipiga msasa, nikafuta kila chembe:
kinachomezwa na injini hakitemwi.

Nikawasha.
Ikakohoa. Ikatulia. Kisha ikavuta,
sauti nzito, ya chini,
ya mtu aliyetoka jikoni penye moshi
akasimama mlangoni.

Zuwena akachungulia dirishani: Limeongeza mbio?
Kidogo.
Na kelele?

Nikafunga boneti. Vidole sivisikii.
Miaka sita naziba nyufa za nyumba hii kwa matambara,
leo baridi nimeitobolea njia
kwa mkono wangu.