Ngoma za Nyuma

Pijo ya Baba haikuwahi kukataa kuwaka.
Ilikataa kusimama.

Kutoka Kidia kushuka Kiboriloni, wakati wa masika,
ngoma za nyuma zikishakunywa maji na tope,
Baba alianza kukanyaga pale kanisani
ili apate jibu karibu na mashine ya kusaga.
Ngoma ikilia sana hupasuka, walisema wauza mitumba,
wakivuta mabunda yao kando
kabla hata hatujatokeza konani.

Mama alikaa kushoto, mkoba magotini,
akikanyaga sakafu tupu.
Kila kona alikanyaga. Miaka ishirini na sita.
Hakuna pedali pale, hakuna waya, hakuna mafuta,
lakini zulia limetoboka umbo la kisigino chake,
na ukiliinua unakuta bati linang'aa
kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Leo gari liko juu ya stendi, gereji ya Mmbaga, Majengo.
Isaria, kijana wake, anagonga ngoma kwa nyundo ya mbao.
Haitoki. Anamwagia dizeli, anasubiri, anagonga.
Inachomoka ghafla na vumbi la nusu karne.
"Usivute hilo," Mmbaga ananivuta mkono, "la zamani lina sumu,"
anajifunga kitambaa puani, anamwaga maji.

Ndani: springi zilizochoka,
viatu viwili vilivyokwisha soli,
na kipande cha kopo la majarini
kilichokunjwa mara tatu, kikachomekwa kuziba pengo.
Herufi mbili za rangi bado zinasomeka.
Kazi ya Baba. Naijua mikunjo yake,
ndivyo alivyokunja barua, na risiti zetu za ada.
Hakutuambia kwamba tulikuwa tukishuka mlima
kwa hisani ya kopo.

Sahani nimezileta za Korola iliyogonga ng'ombe Himo.
Hazikubali. Pijo hushikwa na nati tatu,
Korola nne.
Mzee Kimambo wa mashine ya kukereza anapima, anasonya,
anaandika kwa chaki juu ya meza, anafuta kwa kiwiko,
anatoboa upya. Breketi anazichonga
kutoka bamba la chesesi ya lori lililokufa.
Siku nne. Laki mbili na themanini, bila risiti.

Kisha kutoa upepo.
Mimi kwenye pedali, Isaria uvunguni na chupa ya plastiki.
Kanyaga.
Nakanyaga.
Shikilia.
Nashikilia.
Achia.
Mapovu. Tena mapovu,
kama vile mabomba yalikuwa yameshika pumzi
tangu mteremko wa mwisho wa Baba,
mpaka mafuta yakaja safi, na mguu wangu ukagota
kitu kigumu, neno la mtu asiyerudia.

"Ila hendibreki," Mmbaga anasema akifuta mikono,
"kalipa hizi hazina. Waya wa zamani hauna pa kushika.
Nikipata nyingine nitakupigia. Kwa sasa
egesha tambarare."

Tambarare! Kidia!

Nafungua buti. Chini ya jeki bado lipo
lile jiwe jeusi la Baba, limelika upande mmoja,
la kuzuia tairi tukifika nyumbani.
Isaria anataka kulitupa. Namwambia aliache.

Jumamosi namteremsha Mama,
Ndeshukurwa, miaka themanini na moja, mkoba magotini.
Konani kuna mbuzi katikati ya njia.
Nagusa tu.
Gari linasimama bila kelele,
mbuzi bado anatafuna.

Mama anatazama mguu wake
uliobonyea palepale penye tundu la zulia.
"Ni wewe," anauliza, "au ni mimi?"

Kuhusu kopo simwambii.
"Ni wote," nasema.

Mbuzi anaondoka kwa wakati wake.
Naachia, tunaanza kuteleza taratibu,
na Mama anakanyaga tena, kujaribu.