Soli ya Milimita Nne

Kakule alivituma kutoka Liège, vimefichwa ndani ya mfuko wa kahawa,
viatu vyepesi kama ganda la kitunguu.
Nilipima kimoja mkononi, nikachungulia tena mfukoni
nikidhani kuna kitu kimesahaulika.

Nikavipeleka kwa Zihindula, fundi wa Birere,
anayezijua soli za mtaa mzima kwa majina ya wenyewe.
Akakikunja kimoja kama chapati,
akakikunjua, akakinusa.
"Mwalimu, wamekuibia. Soli iko wapi?"
Nikamweleza: ndivyo vilivyo, vya kukimbilia,
mtu avivae ajione yuko pekupeku.
"Na wanalipisha?"
Wanalipisha.
Alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

Alfajiri, kabla motari hawajaanza kugombania kona,
nikatoka Katindo.
Lami ya mita mia tatu ilinidanganya.
Nilikuwa kijana tena, nilikuwa upepo,
nilikuwa tayari nimeshaandika barua ya shukrani.

Kisha lami ikaisha.

Kisigino kilitangulia kutua, kama kilivyozoea,
na pigo likapanda hadi kwenye jino la nyuma.
Nikasimama. Nikaangalia kushoto na kulia kama kuna aliyeona.
Nikaanza upya, hatua fupi,
nikitua kwa mbele ya wayo, taratibu,
kama mume anayeingia nyumbani amechelewa.

Makoro haya hayakulainishwa na mto wowote.
Yalishuka yakichemka, yakaganda katikati ya sentensi,
na leo kila jiwe lilitaka kumalizia lake
chini ya kidole changu kidogo.
Miaka yote nimelipita hapa na soli nene, nikiitikia tu:
ndiyo, ndiyo, nasikia.
Sikuwa nasikia.

Mvulana wa chukudu, magunia sita ya makaa,
kambambili zimefungwa kwa waya,
akanipita kwenye mteremko akipiga mluzi:
"Papa, pisha! Unatafuta sindano?"

Nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma
ardhi inainuka kidogo, kama mgongo wa mtu aliyelala.
Chini yake, mita mbili, labda tatu, kuna jiko letu,
kuna sufuria ya maharage ambayo haikuiva.
Mwaka ule wa volkano nilikuwa na miaka saba
na Katungu, dada yangu, kumi na tatu.
Alinibeba mgongoni mpaka tukavuka mpaka.
Mimi niliyebebwa nilikuwa na kambambili miguuni.
Yeye aliyekimbia
hakuwa na kitu.

Nilirudi nikitembea.

Katungu alikuwa uani, anakaanga sambaza,
hakuuliza nilikotoka.
Akafuta kidole gumba kwenye kitenge, akakibonyeza soli,
akakihisi kikitokea upande wa pili.
"Bei gani?"
Nikataja nusu yake.
"Hii yangu," akasema, akainua mguu kidogo kutoka kwenye ndara,
"nilipewa bure."
Nilitafuta la kusema. Mafuta yalikuwa yanachemka.
"Lete cha kushoto."
Akakivaa. Vidole vikajipanga humo, kila kimoja na nafasi yake.
Akaomba na cha kulia.
Akachukua bidoni la njano, akaenda bombani,
akarudi na lita ishirini kichwani
bila kumwaga hata tone, bila kutoa maoni.

Kesho yake mashavu ya miguu yalikuwa kamba zilizolowa.
Niliteremka ngazi za shule kiubavu, kama kaa,
na darasa la tano lote likateremka hivyo hivyo nyuma yangu.
Jioni nilimwandikia Kakule:
vimefika, asante, barabara ya huku ina maneno mengi.
Nikaenda kuvichukua dirishani nilipovianika.

Dirishani palikuwa na ndara zake,
zimepangwa vizuri, pua zikitazama nje.