Sekunde Mbili

Msimu wa korosho ukishalipa, Newala inaoa.
Kazi zinanijia kwa flashi, moja imefungwa kwenye leso,
na mimi, fundi wa wiki ya tatu,
nina kompyuta ya mezani, programu ya bure,
mipito arobaini na minne
na hamu ya kuitumia yote.

Bibi harusi akitoka chumbani: mioyo ikamwagika.
Sinia la pilau: ukurasa ukageuka.
Mashangazi wakicheza: mchemraba ukabingirika,
wakajikuta ubavuni, wakaendelea kucheza.
Nikaongeza theluji.
Theluji, Newala! Ikadondoka taratibu
juu ya ngoma, juu ya kanga mpya,
juu ya mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko.
Mfaume, aliyenifundisha, alicheka mpaka akakaa chini:
"Madoido ni chumvi, bwana. Wewe umemwaga gunia."
Sikumsikia. Chumvi ya bure nani anaipima?

Ilipopita arobaini ya Mzee Chitanda
bibi harusi mwenyewe akaja dukani, flashi kiganjani.
"Baba yangu umempeleka wapi?"
Asumini hakuuliza kwa hasira.
"Pale mlangoni, ananiaga. Mkono unapanda,
halafu mioyo. Haushuki."

Nikaufungua mstari wa wakati, nikaukuza
mpaka sekunde ikawa pana kama uwanja wa mnada.
Kumbe mpito hauna muda wake wenyewe. Unakopa:
nusu kwa anayeondoka, nusu kwa anayeingia,
na anayeondoka hadai.

Nikashika ukingo kwa kipanya, nikavuta.
Sekunde mbili. Moja na nusu.
Mkono ukaanza kushuka.
Moja. Kofia, kidevu, pengo la jino la pembeni.
Robo. Midomo inafunguka.
Nikaubofya mpito wenyewe, nikaufuta,
na Mzee Chitanda akasema, kwa sauti yake ya mafua:
"Fungeni mlango, kuku wanaingia."

Basi. Hapohapo pilau,
bila daraja, bila hodi.

Asumini akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.
"Rudisha." Nikarudisha.
Fungeni mlango. "Rudisha." Kuku wanaingia.
Mara ya sita sikungoja aniambie.

Nikaanza kung'oa na mengine, ukurasa, mchemraba,
nikaishusha ile dhahabu niliyowapaka watu wote
mpaka vumbi likarudi kuwa vumbi
na jasho la wapiga ngoma likaonekana.
Nikabonyeza hifadhi. Asilimia kumi. Arobaini.
Tisini na moja, umeme ukakatika.
Gesi inatoka mkoa huuhuu, na giza pia.
Hakuna kufifia wala nini: pa!

Tukakaa. Nje mtu aliita jenereta la jirani jina baya.
Nilijua nitaanza upya, na kwamba
safari hii sitahitaji hata nusu saa.

"Ile theluji," akasema gizani, "umeitoa?"
"Nitaitoa."
"Iache pale kwa mbuzi."