Mstari wa Kumi na Saba

Jina langu limekaa mstari wa kumi na saba
katika kitabu kikubwa cha kijani,
kati ya mtu aliyekufa kwa kuhara
na mtu aliyepandishwa cheo.
Kando yake, kwa wino mwekundu: Mtoro.
Hata jina lenyewe si langu. Wameandika Zihalirwa.
Mimi ni Zihindula. Zihalirwa alikuwa mpishi wetu,
mfupi, mwenye mwanya, mkono wake mzito wa chumvi.

Mara ya sita sasa nashuka kutoka Bagira
na mguu huu unaoijua mvua kabla ya mawingu.
Mkobani nina cheti cha hospitali ya Walungu.
Masista walikikunja mara nne, na kwenye mikunjo
tarehe imelika: kumi na nne, halafu tundu, halafu mwaka.
Kijana wa biro anapitisha ncha ya kidole kwenye tundu.
"Muzee, mwezi uko wapi?"
Mwezi ule nilikuwa nimelala chali, mwanangu,
nahesabu mabati ya paa.
Bati la tisa lilikuwa na kutu yenye umbo la mbuzi.
Andika hilo.
Haandiki. Anapokea faranga za fotokopi.

Sijamwambia, na nimwambie nini,
kwamba huo wino mwekundu naujua.
Miaka minne karani wa kikosi nilikuwa mimi,
mimi na meza yenye mguu mmoja wa tofali,
kila jioni majina yakiitwa.
Asiyeitika, alisema meja, andika mtoro,
kalamu haina haja ya kujua zaidi.
Niliandika. Mwandiko wangu ulisifiwa.
T yangu ilivaa kofia iliyolala kidogo kulia,
na aliyenirithi meza akairithi na kofia,
hivyo nilipoliona neno lile kando ya jina langu
nilidhani, kwa pumzi moja,
nimejiandika mwenyewe.

Wangapi? Mwanzoni nilihesabu.
Kuna mmoja alikuwa chooni tu.
Kuna mmoja, nilisikia baadaye, alikaa siku tatu
chini ya daraja, Ruzizi ikimfika shingoni kama kola.
Mke wake alikuja kudai posho, mtoto mgongoni.
Nikamwonyesha mstari.
Alijua kusoma. Hilo ndilo sijalisahau.

"Lete mashahidi wawili," anasema kijana,
"wa kikosi chako, walio hai, wenye karte."
Walio hai! Kana kwamba nakwenda kuchagua nyanya.

Nankafu, binti yangu, ndiye aliyempata Bashimbe.
Anauza makala nyuma ya soko la Kadutu,
mweusi hadi kwenye kope, vidole viwili havipo.
Nilisimama mbele ya magunia yake kama mnunuzi.
Akaniangalia. Akampimia mama mmoja makala,
akaongeza vipande vitatu, akarudisha chenji,
akaniangalia tena.
"Karani," alisema.
Si Zihindula. Si Zihalirwa.

Nikaeleza shida yangu, mguu, masista, tundu la tarehe,
nikizunguka lile la katikati
kama mtu anayezunguka dimbwi gizani kwa kulikumbuka.
Manyunyu yakaanza. Alifunika magunia,
yeye mwenyewe hakujifunika.
"Na mimi niko mstari wa ngapi?"
"Arobaini na mbili."
Nilijibu kabla swali halijaisha,
na sote wawili tukasikia jinsi nilivyojibu upesi.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.
Alivuta kreti tupu ya bia, akaipindua,
akaipangusa kwa kiwiko, ikazidi kuwa chafu.
"Kalamu unayo?"
"Ninayo."
"Basi ni barua mbili. Kaa.
Anza na yangu."