Toleo la Thelathini na Moja

Nimelikuta chini kabisa ya sanduku la bati,
nyumba ya mama, Ruwi, nyuma ya duka la betri,
siku tunahamisha vitu ili mpangaji aingie.
Limelaliwa na kanzu, risiti za umeme,
na rimoti ya kiyoyozi kilichokufa zamani.

Jalada limepauka; nyekundu imekuwa chai ya maziwa.
Pini mbili za katikati zimeshika kutu,
na ukilikaribia pua linanuka karafuu
na dawa ya nondo.

Juu angani, Bwana Kimondo
(jina alimpa Thuwaiba, si wao waliomchora)
anaruka, ngumi mbele, joho nyuma,
chini yake mji wa minara ya kioo
ambao mwaka ule, sabini na sita, tuliuona uongo mtupu.
Leo mpwa wangu anaishi Dubai, ghorofa ya hamsini na nane,
analalamika lifti inachelewa.

Tulilinunua kwa Purshottam, Matrah,
baisa mia, na hizo mia zilikuwa za mkate.
Mama akatugombeza kwa Kiswahili,
majirani wakatusikiliza kwa Kiarabu,
sisi tukajifungia bafuni penye saruji baridi,
nje joto likigonga mlango kama mdai.

Mimi miaka saba, Thuwaiba kumi na moja.
Yeye ndiye aliyejua Kiingereza.
Alikuwa akiweka kidole juu ya kila puto la maneno,
anasoma taratibu, anameza mate, anageuza sauti.

Adui ni ubongo ndani ya chupa.
Thuwaiba akamwita Achari.
Achari kaliiba jua, kalitia mtungini,
anawauzia watu mwanga kwa kibaba.
Bwana Kimondo anashuka sokoni, wanamzunguka:
Wewe wa nani? Mbona ulimi wako hivyo?
Naye, mikono kiunoni, anawajibu kwa vina:

    Msiniulize jina, niulizeni safari,
    nimevuka giza pana, nyota zikinibashiri;
    kwetu hapa wanikana, kule nyuma ni kwaheri,
    nipisheni kwa mapana, kesho nawapa fajiri.

Beti hiyo nilikwenda nayo skuli.
Wavulana walipoicheka *'ayn* yangu
niliisoma kimoyomoyo mpaka kengele.

Sasa nimeketi juu ya godoro lililokunjwa,
nimevaa miwani.
Miaka thelathini kwenye kampuni ya mafuta
imenifunza Kiingereza cha mabomba na mikataba;
hiki cha maputo hakinishindi.

Jua halikuibwa.
Kilichoibwa ni dhahabu ya benki,
na ule mtungi wa manjano ni taa tu ya mezani.
Sokoni hakuna aliyemwuliza mtu kitu.
Puto la kwanza linasema: Jihadhari, gari!
La pili: Asante, bwana.
Basi.
Nikarudi nyuma, nikatafuta ukurasa kwa ukurasa,
labda vina vimejificha penye tangazo
la miwani ya kuonea ndani ya kuta.

Nikampigia Thuwaiba, Salalah.
Kwake manyunyu, namsikia akifunga dirisha.
Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.
"Kiingereza? Mimi? Mwaka ule?
Nilikuwa sijui A wala kijiti chake!"
Akanyamaza kidogo.
"Ulikuwa unalia usiku, wewe. Unataka turudi.
Nikasema, huyu nimsomee chochote."

Sikuwa na la kusema. Nikapangusa jalada kwa kiganja,
vumbi lile lile nikalipangusa mara tatu.

"Hebu," akasema, "kwani liliishaje? Nimesahau."

Nikafunua mwisho.
Ukurasa haupo. Chini ya pini
umebaki ukingo wa karatasi, upana wa ukucha.

"Unasikia?" akasema. "Soma basi."

Nikaisogeza miwani,
nikaweka kidole pale pasipo na kitu,
nikameza mate,
nikaanza kusoma.