Jezi ya Kipa

Mabela, saa nne za usiku,
na joto bado limekaa kwenye nyasi bandia.
Jezi tulizoletewa zina jambia la taifa kifuani
na mabega ya wanaume.
Nimezipunguza zote
isipokuwa ya kipa, Rayya:
"Acha inipwaye, bibi, wanione mkubwa."

Jumamosi tumefungwa tisa.
Tisa! Nikajifunika uso kwa ukaya.
Kocha ananiambia: mara ya kwanza kumi na nne.
Basi nami, mtu wa futi na shibiri,
nikapima:
mabao matano yamekatwa pindoni.

Leo Rayya kairudisha, kwapa limefumuka.
"Ipunguze, bibi. Mikono ya jezi
inafika mpirani kabla yangu."

Nikatia uzi sindanoni.