Herufi Isiyosema

Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
wanashuka ngazi kuja chumba cha chini ya kanisa,
vipaji vya nyuso bado vina alama ya kofia ya kiwandani,
viatu vinaacha theluji nyeusi mlangoni.
Zamu yao huisha saa tisa na nusu.
Wengine wamelala kidogo. Wengine wamepika tu.
Nebraska ina baridi ya kutia ganzi hata maneno.

Mimi si mwalimu. Nilikaa dirishani posta
miaka thelathini na mmoja, nikipima bahasha.
Kitabu nilichopewa kina picha ya familia ufukweni,
baba ameshika mpira, na swali: mpira una rangi gani?
Saw Htoo Lay, mwenye wajukuu saba,
alilitazama swali, kisha akanitazama mimi,
kwa adabu.
Nikakifunga.

Tukaanza na taka.
Leteni, nikasema, chochote chenye maandishi
ambacho mngekitupa.
Likaja kopo la maharage, ikaja bili ya gesi,
karatasi ya dawa ya kikohozi, iliyokunjwa mara nane,
na barua ya shule iliyokaa mkobani wiki tatu
kumbe inaomba soksi za mtoto, basi.
Yunier akauliza mbona bili ina maneno mengi hivyo
na deni ni moja.

Usiku mwingine nilizikata sentensi kwa mkasi,
kila mtu akabandika neno lake kifuani:
jipangeni, lakini midomo imefungwa.
Wakasukumana kama abiria wenye tiketi za kiti kimoja.
Kitenzi alijificha nyuma ya jiko.
Naw Mu Paw, aliyepewa nukta,
alisimama ukutani, hasogei, hatetereki:
Mimi ni wa mwisho. Nawangoja nyote.

Halafu posta, maana mwacha asili ni mtumwa.
Sanduku la viatu, tundu la kisu, mihuri ya viazi.
Sheria moja: nusu saa hakuna kusema,
ukitaka kitu, andika.
Nikopeshe kalamu.
Dirisha linaingiza upepo.
Mwanao amepona?
Huyo ni wa nani, anayekungoja kwenye gari?
Sijapata kusikia chumba chenye kelele kama ile
na hakuna aliyefungua mdomo.

Februari tulifika kwenye kisu.
Kwa Kiingereza neno hilo hutanguliwa na herufi
inayosimama mbele, imevaa, imenyooka, isiseme kitu.
Eulogia Tzoc akaweka kalamu chini.
Mwaka wa sita sasa anakata mabega ya ng'ombe,
kila sekunde saba bega.
Kwa nini ipo, akauliza, kama haisemi?
Sikuwa na jibu. Nilisema: zamani ilisema.
Akacheka peke yake.
Kama mimi, akasema, siku ya mkutano wa wasimamizi.

Usiku ule aliandika barua ambayo hakuitia sandukuni.
Sentensi nne. Tulizipitia wote mezani,
Yunier akibishania herufi kubwa,
Htoo Lay akidai neno la tafadhali liwe moja, si matatu:
Kisu changu ni butu. Mkono unavimba.
Nahitaji kingine. Tafadhali.
Neno kisu aliliandika likiwa na ile herufi bubu,
ameikoleza wino, imekaribia kutoboa karatasi.
Kalamu yangu nyekundu ilibaki mfukoni.

Alhamisi alirudi na karatasi ileile.
Msimamizi alikuwa amejibu chini yake, neno moja,
mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino.
Niliivaa miwani. Nikaivua.
Miaka thelathini na mmoja ya anwani mbovu,
na neno lile likanishinda.

Basi tukalisogeza chini ya taa, vichwa sita,
herufi baada ya herufi, kila mtu na dau lake,
hadi Naw Mu Paw, mwenye nukta,
aliposema polepole, kidole kikitembea:
Ju-ma-ta-tu.

Eulogia akaikunja karatasi, akaiweka mkobani.
Akafungua daftari ukurasa mpya,
juu kabisa akaandika tarehe ya Jumatatu.